Asilimia 95 hiyo ni ya nini?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua wa gazeti lako nizungumzie makala mliyoichapisha wiki mbili zilizopita, iliyohusu programu ya kompyuta inayotazama picha ya ndani ya jicho na kuitenga mishipa ya damu kwa kutumia mtandao wa nyuroni bandia, yaani mfumo wa hesabu za kompyuta unaojifunza kwa mifano. Mwandishi wenu aliandika vizuri na alieleweka, jambo ambalo si dogo kwa mada kama hii. Hata hivyo, aliweka juu kabisa, kwa wino mzito, maneno kwamba programu hiyo ina usahihi wa asilimia 95, kisha akaendelea kana kwamba tarakimu hiyo imemaliza mjadala. Mimi ni muuguzi mstaafu wa macho. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiwatia wagonjwa matone ya kupanua mboni na kuwapiga picha za retina katika kliniki moja ya mkoa huu wa Tanga, na tangu nistaafu nimekuwa nikiifuatilia teknolojia hii kwa msaada wa binti wa kaka yangu anayesomea kompyuta. Tarakimu hiyo naijua inakotoka, na ninakijua inachokificha.

Retina ni utando mwembamba uliotanda nyuma ya jicho, ndio unaopokea mwanga. Tangu Hermann von Helmholtz alipotengeneza kifaa cha kuchungulia ndani ya jicho mwaka 1851, matabibu wamekuwa na dirisha ambalo hawana kwingine mwilini, kwa kuwa hapo mishipa ya damu huonekana wazi bila kumpasua mtu. Mishipa hiyo huingia kupitia kitako cha mshipa wa fahamu wa jicho, ambacho katika picha huonekana kama duara la manjano hafifu, kisha husambaa pande zote ikigawanyika matawi na vitawi hadi isionekane tena. Ateri ni nyembamba kidogo na zina wekundu wa kung'aa, ilhali vena ni pana na rangi yake imekolea. Kwa aliyeugua shinikizo la damu miaka mingi utaona ateri imeibana vena pale zinapopishana, kama mpira wa maji uliokanyagwa. Kwa aliyekaa na kisukari muda mrefu bila kukidhibiti, inaweza kuota mishipa mipya, myembamba na dhaifu, ambayo hupasuka na kumwaga damu ndani ya jicho, na wengi wa hao huja kliniki siku hiyo wakisema wameona moshi au utando wa buibui umewapita machoni.

Programu tunayoizungumzia haitambui ugonjwa hata mmoja kati ya hayo, na hili makala yenu ililichanganya. Kazi yake ni kuchora ramani. Inaipitia picha pikseli moja baada ya nyingine, yaani zile nukta ndogondogo zinazoiunda picha, na kuijibia kila moja swali lilelile, kwamba hapa ni mshipa au si mshipa, na mwisho wake unapata picha nyeusi yenye mistari myeupe ya mishipa peke yake. Ramani hiyo ina manufaa makubwa. Kwa kuitumia, upana wa ateri na vena unaweza kupimwa badala ya kukadiriwa kwa jicho, picha ya mgonjwa ya mwaka huu inaweza kulazwa juu ya ile ya mwaka jana zikalingana, na madoa madogo ya damu hutafutwa kwa urahisi zaidi baada ya mishipa, ambayo ni myekundu vilevile, kuondolewa. Lakini ramani si tabibu. Ipo mitandao ya nyuroni inayosoma dalili za kisukari jichoni moja kwa moja, nayo hufundishwa kwa njia nyingine kabisa: ule uliotangazwa na watafiti wa Google mwaka 2016 ulifundishwa kwa picha zaidi ya 128,000 zilizopangiwa madaraja ya ugonjwa na madaktari, bila mtu kuchora mshipa hata mmoja.

Mtandao ambao umetumika sana katika kuchora mishipa unaitwa U-Net, uliobuniwa mwaka 2015 na Olaf Ronneberger, Philipp Fischer na Thomas Brox wa Chuo Kikuu cha Freiburg, Ujerumani, na mwanzoni ulikusudiwa picha za seli zilizopigwa kwa hadubini. Jina limetokana na umbo la herufi U, kwa sababu picha hushuka upande mmoja ikipunguzwa ukubwa hatua kwa hatua, kisha hupanda upande wa pili ikirudishiwa ukubwa wake. Binti yetu alinieleza sababu yake kwa mfano wa nyumbani, nami nauona unafaa. Anayesimama Irente, juu ya Lushoto, huliona bonde lote la chini na kujua maji yanaelekea wapi, lakini kijito kilichojificha vichakani hakioni. Anayetembea kando ya kijito anakiona mpaka changarawe zake, lakini hajui kinakokwenda. Upande wa kushuka wa U unaipa programu mtazamo wa Irente, na njia za mkato zinazounganisha pande mbili za herufi hiyo zinairudishia vijito. Anayehitaji ramani ya mishipa anahitaji vyote viwili, kwa kuwa alama nyekundu ya upana wa pikseli mbili haijulikani kama ni mshipa mpaka uone imetoka wapi na inaelekea wapi.

Mtandao huo hufundishwa kwa kuoneshwa picha pamoja na mchoro wa mishipa uliochorwa na binadamu. Mwanzoni hujibu ovyo, kwa kuwa namba zake za ndani zimewekwa kwa kubahatisha. Kila unapokosea, kosa hupimwa na zile namba hurekebishwa kidogo, na zoezi hilo hurudiwa maelfu ya mara mpaka majibu yake yakaribiane na mchoro. Kwa hiyo mwalimu wake ni mkono wa mtu aliyechora, na hauna mwalimu mwingine. Mkono huo ukiwa na mazoea yake, mashine huyarithi. Ukiwa haujapata kuona jicho la aina fulani, mashine nayo haijaliona.

Sasa nije kwenye asilimia 95. Mkusanyo wa picha ambao umetumiwa mno kupimia programu hizi unaitwa DRIVE, nao ulitolewa Uholanzi mwaka 2004. Una picha 40 tu, 20 za kufundishia na 20 za kupimia, zilizotoka katika mpango wa kuchunguza macho ya watu wenye kisukari nchini humo. Picha 33 kati ya hizo hazina dalili yoyote ya ugonjwa wa retina utokanao na kisukari, na 7 zilizobaki zina dalili za awali. Ipo mikusanyo mingine mashuhuri: STARE ya Marekani yenye picha 20 zilizochorwa, CHASE_DB1 yenye picha 28 za watoto 14 wa Uingereza, na HRF ya Ujerumani yenye picha 45. Ukiijumlisha yote minne hupati hata picha 150. Mwaka 2022 uliongezeka mkusanyo wa China uitwao FIVES, wenye picha 800, nao umeongeza mengi. Najua wapo watakaouliza inawezekanaje picha 20 zikafundisha chochote, na jibu ni kwamba hapa kila pikseli ni somo, na picha moja ya DRIVE, yenye upana wa pikseli 565 na urefu wa 584, ina pikseli karibu 330,000. Masomo ni mengi kweli, ila yote yametoka katika macho ya watu wachache.

Katika zile picha 20 za kupimia, mchoraji wa kwanza alizitia alama ya mshipa asilimia 12.7 tu ya pikseli zilizo ndani ya duara la picha. Naomba msomaji aitunze tarakimu hiyo kwa muda. Maana yake ni kwamba mtu akikuletea karatasi nyeusi tupu, bila mstari hata mmoja, na kudai kuwa ndiyo ramani yake ya mishipa, usahihi wake, yaani sehemu ya pikseli zilizojibiwa sawasawa, kwa hesabu ileile iliyotumiwa katika makala yenu ni asilimia 87.3. Hajachora kitu, na tayari anazo 87.

Tuiendeleze hesabu. Chukua pikseli 1,000, ambazo kati yake 127 ni mishipa na 873 si mishipa. Programu yenye usahihi wa asilimia 95 imekosea pikseli 50. Tuseme katika hizo, 17 ni mahali ilipochora mshipa usiokuwapo, na 33 ni mishipa iliyopo ambayo haikuiona. Basi katika pikseli 127 za mishipa imekosa 33, ambazo ni zaidi ya robo. Asilimia 95 ni kweli, na robo ya mishipa iliyopotea ni kweli pia, zote mbili katika picha moja. Wala robo hiyo haipotei kwa kutawanyika sawasawa, kwa sababu mishipa minene ya karibu na kitako haipotei. Hata mtoto wa shule angeichora. Kinachopotea ni vitawi vya mwisho, vyenye upana wa pikseli moja au mbili, ambavyo rangi yake imekaribia kufanana na retina inayovizunguka.

Watafiti wenyewe wanalijua hili, ndiyo maana katika maandishi yao huambatanisha vipimo vingine: kiasi cha mishipa iliyokamatwa, kiasi cha mahali pasipo na mshipa palipoachwa salama, na kile kipimo chenye jina la Lee Dice, mwanaikolojia wa Marekani aliyekiandika mwaka 1945, ambacho huchukua eneo ambalo michoro miwili imekubaliana, hulizidisha kwa mbili na kuligawa kwa jumla ya maeneo ya michoro yote. Kwa mfano wangu hapo juu, kipimo cha Dice kinatoa 0.79. Tofauti ya 0.95 na 0.79 kila mzazi aliyewahi kupokea ripoti ya shule anaielewa. Mwaka 2021 kilitangazwa pia kipimo kinachoutazama mstari wa katikati wa mshipa, ili mshipa uliokatika vipandevipande uhesabiwe kuwa umekatika hata kama pikseli zilizopotea ni chache. Nacho kina maana, kwani mshipa ulio na pengo katikati haukufikishi unakokwenda.

Lipo na jambo la kizingiti, ambalo halionekani kabisa katika tarakimu moja. Programu haijibu ndiyo au hapana. Kila pikseli huipa namba kati ya 0 na 1, na mtu ndiye anayeamua kwamba kuanzia 0.5 kwenda juu tuite mshipa. Ukikishusha kizingiti hadi 0.3 utaikamata mishipa myembamba mingi zaidi, pamoja na takataka zaidi. Ukikipandisha, ramani inakuwa safi na nadhifu, ikiwa na upungufu. Nimegundua kuwa wauzaji wanapenda ramani nadhifu.

Nataka nieleze jinsi nilivyoacha kuiamini michoro ya binadamu kuwa ni kweli isiyo na doa, ukiwamo wangu mwenyewe. Mwaka jana binti yetu alikuja likizo hapa Ngamiani, akaniomba tukae tuchore picha moja ya DRIVE, yeye kwa kompyuta yake nami kwa ile ya kaka yangu, bila kuangaliziana. Tulianza baada ya sala ya adhuhuri na adhana ya alasiri ikatukuta hatujafika hata nusu. Mishipa mikubwa ni kazi ya dakika chache. Ukishaimaliza unabaki na ule wasiwasi: hapa pana mstari au pana kumbukumbu ya mstari? Unaikuza picha na mstari unatoweka ukageuka miraba. Unaipunguza na mstari unarudi. Niliichora mingi kwa mazoea, kwa kuwa miaka yote ya kliniki imenizoesha kujua mshipa wa juu upande wa sikio unavyopinda kulizunguka lile eneo la katikati ambalo ndilo la kuonea maandishi. Tulipoilaza michoro yetu pamoja, matawi makubwa yalikaa juu ya mwenzake, na kwenye vitawi tulikuwa watu wawili waliotazama macho mawili tofauti.

"Shangazi, hapa umechora mshipa, mimi naona kivuli tu," aliniambia.

"Na hapa wewe umekatisha njiani," nikamjibu. "Damu ikifika hapo inarudi?"

Hatukukubaliana, na sioni aibu kulisema, kwa sababu hata katika DRIVE wachoraji wawili hawakukubaliana. Mchoraji wa pili, aliyezichora upya zile picha 20 za kupimia, akipimwa kwa mchoro wa mwenzake anapata usahihi wa asilimia 94.7, na pikseli za mishipa alizozikamata ni karibu asilimia 78. Kwa hiyo programu inayopata 95 na kutangazwa kuwa imemshinda binadamu imejifunza kuuiga mkono wa mchoraji wa kwanza kuliko mchoraji wa pili alivyofanana naye. Huko ni kuiga vizuri. Kuliona jicho vizuri ni kesi nyingine.

Naelewa kuwa msomaji anaweza kusema haya ni mabishano ya wataalamu. Basi nieleze yaliyotokea mbele yangu. Miaka kadhaa iliyopita mradi mmoja, ambao sitautaja, ulituletea kompyuta mpakato yenye programu ya aina hii kwa majaribio ya majuma machache. Siku ya tatu alikuja mama mmoja mtu mzima kutoka upande wa Pangani, mwenye kisukari, na jicho la kulia lilikuwa limeanza mtoto wa jicho. Mboni yake iligoma kupanuka hata baada ya kutiwa matone mara mbili, na kope lilikuwa zito. Nilipiga picha nne, ya nne ikawa afadhali. Programu ikachora, na katika mchoro ule nikaona mshipa mnene uliotoka ukingoni mwa picha, ukapinda kwa madaha na kuishia penye utupu. Hakuna mshipa wa retina unaotokea pembeni na kunenepa kuelekea nje. Mishipa hunenepa inapokaribia kitako. Ilikuwa ni kivuli cha unywele wa kope. Wakati huohuo, upande ambao ukungu wa mtoto wa jicho ulikuwa umetanda, haikuchora kitu, kana kwamba mama yule alikuwa na nusu ya mishipa. Nilimwonesha kijana aliyekuja kutufundisha. Alinijibu kwa adabu kabisa: "Mama, mfumo huu umeshathibitishwa." Nilimuuliza umethibitishwa kwa macho ya nani, akacheka kidogo, na yule mama akataka kujua tunacheka nini.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Jicho la mtu mwenye ngozi nyeusi lina rangi nyingi zaidi nyuma ya retina, na kwa hiyo picha yake hutoka na mandhari ya kahawia iliyokolea, tofauti na ile ya rangi ya chungwa mbivu inayojaa katika picha za Ulaya. Upo upande wa faida: katika macho yenye rangi haba, mishipa ya utando ulio nyuma ya retina hupenya na kuonekana, na programu inaweza kudhani ni ya retina, ilhali kwetu hilo hupungua. Upande wa hasara ni kwamba katika macho ya vijana wetu retina hung'aa, na mng'ao huo hutembea sambamba na mishipa kama maji yanavyomeremeta kandokando ya mtumbwi, nao una kingo kali. Programu iliyofundishwa kwa watu wazima wa Uholanzi haijafundishwa kuupuuza. Wataalamu huipunguza shida hii kwa kutumia zaidi sehemu ya kijani ya picha, ambako mishipa huonekana kwa weusi uliokolea, na kwa kuongeza utofauti wa mwanga. Husaidia sana, lakini haliwi badala ya kuonesha macho yenyewe.

Halafu kuna selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazopata watoto wengi zaidi duniani wenye ugonjwa huu, na familia nyingi za pwani hazihitaji kuelezwa. Selimundu huziba vimishipa vya pembezoni mwa retina, na jirani na hapo huota mishipa mipya yenye umbo ambalo matabibu walilifananisha na lile tumbawe bapa lenye sura ya upepeo, ambalo wavuvi wa Sahare hulivua pamoja na nyavu zao. Pembezoni huko kamera ya kawaida haifiki, kwa kuwa picha nyingi za aina ya DRIVE huonesha nyuzi 45 tu za sehemu ya kati. Mtandao wa nyuroni uwe hodari namna gani, hauwezi kuchora kisichokuwamo kwenye picha. Kijana mwenye selimundu anaweza kupewa ramani safi kabisa ya mishipa yake na akaenda nyumbani na ugonjwa wake.

Sisemi kwamba vifaa hivi havifai Afrika. Mwaka 2019 ilichapishwa taarifa ya programu iliyofundishwa kwa picha za Singapore na kujaribiwa Zambia, kwa watu 1,574 wenye kisukari, na ilifanya vizuri katika kuwabaini waliohitaji kupelekwa kwa daktari. Nilifurahi niliposoma, hasa kwa kuwa walikwenda kupima huko huko. Mwaka 2020 nayo ikatoka taarifa ya Thailand, ambako programu ya Google ilipelekwa katika kliniki 11. Katika picha 1,838 zilizopitishwa katika miezi 6 ya mwanzo, asilimia 21 zilikataliwa na mfumo kwa kutofikia ubora uliotakiwa, sababu mojawapo ikiwa ni vyumba visivyo na giza la kutosha, na wauguzi wakabaki kuwaeleza wagonjwa kwa nini wapoteze siku nyingine kwenda hospitali ya mbali. Aliyewahi kupiga picha ya retina katika chumba ambacho pazia lake ni kanga iliyofungwa dirishani ataelewa mara moja. Ninachokitaka ni kwamba kabla ya mkoa wetu kununua au kupokea msaada wa programu ya kuchora mishipa, ipimwe kwanza kwa macho ya Tanga, yaani ya wagonjwa wa kliniki zetu za kisukari, wenye mtoto wa jicho na wasio nao, wazee na vijana, kwa kamera tulizonazo na vyumba tulivyonavyo. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ina jukumu la kusimamia vifaa tiba nchini. Kifaa kisichoshikika mkononi nacho ni kifaa.

Kwa kupimia, na baadaye kwa kufundishia, zinahitajika picha zetu zilizochorwa na mikono yetu. Picha 40 zilitosha kuwapa watafiti wa dunia nzima kazi ya miaka ishirini. Je, hatuwezi kuchora 40 zetu? Wauguzi wa macho wapo na wanafunzi wa kompyuta wapo. Kila picha ichorwe na watu wawili, na michoro yote miwili ihifadhiwe pamoja na tofauti zake, bila kumchagua mmoja kuwa ndiye mwenye haki. Kazi inachosha shingo na macho, na wachoraji walipwe.

Tahadhari moja katika hilo. Nimesikia ikisemwa kuwa picha ya retina ikifutwa jina la mgonjwa haiwezi tena kujulikana ni ya nani. Si hivyo. Tangu mwaka 1935, Carleton Simon na Isadore Goldstein wa New York walionesha kwamba mpangilio wa mishipa ya retina hutofautiana kati ya mtu na mtu, kama alama za vidole, na ramani ya mishipa ambayo programu hizi huichora ndiyo hasa alama hiyo, tena iliyosafishwa. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mgonjwa atakayeombwa picha yake itumike aelezwe kwa Kiswahili anachokitoa, asiwekewe karatasi ya kutia dole gumba huku macho yake yakiwa bado na ukungu wa matone. Nimeliona hilo likifanyika, na mgonjwa aliyetiwa matone haoni hata mstari wa kwanza.

Kwa mwandishi wenu nina ombi dogo. Atakapoandika tena kuhusu programu hizi, awaulize wenyewe maswali manne kabla ya kuandika asilimia yoyote: karatasi tupu ingepata ngapi kwa kipimo hicho, mishipa myembamba iliyokosekana ni kiasi gani, nani alichora mchoro uliotumika kupimia, na macho yalikuwa ya watu wa wapi. Akipenda kuja Ngamiani, ule mchoro wangu na wa binti yetu bado tunao, na nafasi ya mchoraji wa tatu ipo.

Wako,
Muuguzi mstaafu wa macho,
Ngamiani, Tanga.